Maji ya Utulivu Katika Siku za Vita



Wiki iliyopita niliingia nyumbani mwa mama mmoja wa kanisa tuombe pamoja. Amekimbia vita mara mbili, na kijana wake mkubwa hajulikani alipo. Ukutani ametundika picha iliyokatwa kwenye kalenda ya zamani: bwawa dogo katika bustani, mayungiyungi yanaelea, hakuna mtu. Akaniuliza, « Pasta, amani ya namna hii Mungu aliwapa watu wa Ulaya peke yao? »

Nilitaka kujibu haraka, kama sisi wachungaji tulivyozoea. Roho akanizuia, maana ningesema uongo.

Picha ile ilichorwa na Mfaransa Claude Monet, kijijini Giverny. Bwawa lile halikujichimba. Mwaka 1893 alinunua kiwanja, akaomba ruhusa ya kugeuza maji ya kijito. Majirani wakampinga, wakiogopa mimea yake ya kigeni itawaharibia maji. Alipokwisha kulipata, aliweka mtunza bustani wa kulisafisha, maana maji yenye takataka hayaonyeshi mbingu. Na angalieni vizuri picha zile kubwa: mbingu haiko juu. Iko ndani ya maji.

Alizichora lini? Mke wake Alice alikufa 1911. Mwanawe Jean alikufa 1914, na mwaka ule ule vita kuu ikaingia Ufaransa. Mwanawe mwingine, Michel, akawa askari. Mzee mwenyewe macho yalikuwa yanafungwa na mtoto wa jicho, alipasuliwa 1923. Ndani ya miaka hiyo alisimama kuchora maji yaliyotulia, na vita ilipoisha 1918 akaahidi kuzitoa zawadi kwa nchi yake. Mpaka leo zinaonekana Paris.

Simfanyi nabii. Monet hakuwa mtu wa kanisa. Lakini Daudi alikuwa mtu wa Mungu, naye katika Zaburi ya 23 anataja maji ya utulivu, kisha bonde la mauti, kisha meza iliyoandaliwa watesi wakiwa bado wanatazama. Hakungoja watesi waondoke ndipo aimbe. Sisi mara nyingi tunahubiri maji, bonde tunaliruka, halafu mtu aliye bondeni anadhani Mungu amemwacha.

Nilimweleza mama yule hayo yote. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, « Kumbe na yeye alilia watoto. »

Kisha akauliza kama watu wanachota maji pale. Nikamwambia hapana, wanakuja kuangalia tu. Akacheka, akitazama bidoni zake tupu mlangoni: « Maji yote hayo, kuangalia tu! »

Hakuitoa picha ukutani. Tulipiga magoti chini yake, tukamtaja kijana wake kwa jina lake. Nawe unayesikiliza, kama una mtu wako hajarudi, mtaje sasa kwa jina. Tuombe.