Hesabu ya Kona
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Makunduchi)



Nimetakiwa niseme machache juu ya faida ya hesabu. Nimechagua jambo moja tu, ambalo wengi wetu tumelipita leo tulipokuwa tukija kutoka mjini: kona ya barabara.

Kila kona ni kipande cha duara. Kitovu chake hatukioni, pengine kimo vichakani, lakini kipo. Na umbali kutoka kitovu hicho hadi barabarani ndio nusu kipenyo. Anayekijua nusu kipenyo anajua kona hiyo inastahamili mwendo gani.

Tutazame kwanza kijana anayeamia ndege shambani kwa teo. Jiwe huzunguka kwa sababu kamba inalivuta ndani, kuelekea mkononi. Akiliachia, halifuati njia ya kamba kwenda nje. Hushika mstari ulionyooka, unaoligusa duara pale pale lilipoachiwa na kufanya pembe mraba na kamba. Huo ndio tanjenti tuliochorewa ubaoni. Gari nayo hutaka kwenda moja kwa moja, na kamba haina. Katika njia iliyo sawa, kinachoivuta kuelekea kitovuni ni mshiko wa matairi juu ya lami, basi.

Kubadili uelekeo nako ni mchapuko, hata kama sindano ya spidi haikutikisika. Mholanzi Christiaan Huygens alikipata kipimo chake mwaka 1659: zidisha mwendo kwa mwendo wenyewe, kisha gawa kwa nusu kipenyo. Maana yake ni kwamba mwendo ukiwa mara mbili, mchapuko huwa mara nne. Dereva huhisi ameongeza kidogo. Matairi yanadaiwa kingi.

Mtauliza: nusu kipenyo tutakipataje, na kitovu kimo vichakani? Euclid wa Iskandaria ametuachia njia, zaidi ya miaka 2,000 sasa. Mstari utokao kitovuni ukikutana na uzi wa duara kwa pembe mraba, huukata uzi huo nusu kwa nusu. Wanahesabu wa Kiarabu waliuita uzi huo watar, yaani uzi wa upinde, na kimo kutoka katikati ya uzi hadi kwenye tao wakakiita sahm, yaani mshale. Ukivijua viwili hivyo, umekwisha.

Tuseme tumevuta kamba ya mita 40 kutoka ncha moja ya tao la kona hadi ncha ya pili, na mshale wake ni mita 2. Nusu ya kamba ni mita 20. Kwa kanuni ya Pythagoras, nusu kipenyo mraba ni sawa na 20 mraba, kujumlisha mraba wa nusu kipenyo kilichopunguzwa 2. Jawabu: mita 101.

Gari ikiipita kona hiyo kwa kilomita 60 kwa saa, mchapuko ni kiasi cha mita 2.75 kwa sekunde mraba. Kwa kilomita 80, ni mita 4.9. Mwendo umezidi kwa theluthi moja, lakini dai limekaribia kuwa mara mbili, nalo limefika nusu ya mvuto wa ardhi, ambao ni mita 9.8. Tairi kipara juu ya lami iliyorowa huweza kushindwa kulilipa dai hilo. Na gari iliyopakiwa magunia juu ya paa huweza kupinduka hata kabla ya kuteleza.

Ndugu zangu, kona haijui ujasiri wa dereva wala haraka ya abiria. Kila Julai, wakati wa Mwaka Kogwa, magari humiminika huku, na ndani yake wamo wazee na watoto wetu. Pale Jozani yaliwekwa matuta ili magari yasiwaue kima punju, na vifo vyao vikapungua. Binadamu naye anastahili kupimiwa.

Naomba mambo mawili. La kwanza, umoja wetu uinunulie skuli kamba, vigingi na futi za kupimia. Wanafunzi wachore duara uwanjani, wang'oe kigingi cha katikati, kisha wakitafute kitovu kwa uzi na mshale. Wakiweza, wapime kona zilizo karibu, wakiwa na mwalimu na kwa ruhusa ya wanaohusika, na matokeo yapelekwe kwa wenye dhamana ya barabara. La pili, tulio abiria tusione haya kumwambia dereva: "Mwanangu, punguza kabla ya kona, si ndani yake."

Hesabu tuliyoifanya kwa ajili ya mtihani ilikuwa na alama mia. Hii ya njiani malipo yake ni watu.