Gisenyi, 1916: Mstari Uliozungukwa

Busasamana, karibu na Gisenyi nchini Rwanda, inapakana na Kongo, katika ukanda uliokuwa uwanja wa vita tangu 1914. Hapo Kapteni Max Wintgens wa Ujerumani, akiwa na askari wachache, aliwazuia Wabelgiji kwa kutegemea mahandaki, Ziwa Kivu na milima ya volkano. Lengo lilikuwa kuwachelewesha, si kuwashinda. Lakini mwaka 1916 kikosi cha Kibelgiji cha Kanali Molitor kilipitia mashariki ya volkano, kikaingia Kigali tarehe 6 Mei. Wajerumani wakaihama Gisenyi wasije wakazingirwa. Aliyegharamia ucheleweshaji huo ni mkulima: majeshi yalichukua vyakula na wapagazi, na njaa iliyoitwa Rumanura ikaikumba Gisenyi. Anayesifu uimara wa ngome hiyo ya Gisenyi hana budi kuuliza nani aliyeilisha.