Mchezo wa Kutisha na Habari ya Kweli: Merikebu Mbili Katika Barafu

Shikeni karatasi zenu, na mwenye miwani aivae. Leo nitasema juu ya mchezo mmoja wa televisheni. Pengine umeuona mwenyewe, au pengine umehadithiwa na kijana wa nyumbani kwako aliyeutazama usiku, kisha akaomba taa isizimwe. Jina lake ni The Terror, maana yake Kitisho. Ulianza kuonyeshwa Marekani mwaka 2018, na msimu huo wa kwanza una sehemu 10. Ulitolewa katika kitabu cha hadithi cha Dan Simmons kilichotoka mwaka 2007.

Mtazamaji huona merikebu mbili zimeshikwa na barafu. Jua limepotea. Watu wanaugua, wanagombana, na nje kuna mnyama mkubwa mfano wa dubu anayewawinda mmoja baada ya mmoja. Mchezo ukiisha, kila mtu huuliza: Je, mambo haya yalitokea? Jibu si ndiyo tupu, wala si la tupu. Basi tuyachambue, kama mtu achambuavyo mchele kabla ya kuutia chunguni.

Terror ilikuwa merikebu ya kweli ya jeshi la maji la Uingereza, na mwenzake aliitwa Erebus. Ziling'oa nanga mwezi wa Mei 1845. Mkuu wa safari alikuwa Sir John Franklin. Nahodha wa Terror alikuwa Francis Crozier, na aliyesimamia Erebus ni James Fitzjames. Walipofika Greenland watu 5 walirudishwa kwao, wakabaki 129. Katika hao 129 hakurudi hata mmoja.

Walikuwa wakitafuta njia. Siku zile merikebu ya Ulaya iliyotaka kufika China ilizunguka kusini mwa Afrika, au kusini mwa Amerika, safari ya miezi mingi. Waingereza walitumaini kuwa upo mlango wa bahari upande wa kaskazini wa Amerika, katikati ya visiwa vya Kanada. Mlango huo upo kweli. Lakini barafu huufunga.

Hapa lazima tusimame kidogo. Wewe unayeijua bahari ya Tanga au ya Lamu, huenda usisadiki kwamba bahari yaweza kuwa ngumu hata mtu akatembea juu yake. Maji ya chumvi nayo huganda, ila yataka baridi kali kupita maji ya mtoni. Tena barafu ya bahari haitulii. Upepo na mkondo huisukuma, vipande hupandana, hupasuka kwa kishindo, na hubana mbavu za merikebu. Katika mchezo utasikia mbao zikilia usiku kucha. Sikiliza vizuri sauti hiyo, maana ni kweli. Mimi naona inatisha kuliko yule mnyama.

Merikebu zetu zilikwama mwezi wa Septemba 1846, karibu na kisiwa cha King William. Wakangojea majira ya joto ya 1847 yawafungulie njia. Majira yakaja, yakapita, barafu isiachie.

Sasa twende kwenye karatasi. Katika mambo yote ya safari hii, hili ndilo linalotuhusu sana sisi wanafunzi wa kusoma. Mwaka 1859 watu waliotumwa kuwatafuta walikuta rundo la mawe katika kisiwa kile, na ndani yake mkebe wenye karatasi. Karatasi hiyo iliandikwa mara mbili. Mara ya kwanza ni Mei 1847, nayo inasema kwamba wote ni wazima, na Sir John ndiye mkuu wao. Mara ya pili ni Aprili 1848. Nafasi ilikuwa imekwisha, basi mwandishi akazungusha maneno pambizoni, pande zote za karatasi. Maneno hayo yasema kuwa Sir John alikufa tarehe 11 Juni 1847. Kwamba maofisa 9 na mabaharia 15 wamekwisha kufa. Kwamba merikebu zimeachwa, na watu 105 waliobaki wataanza safari ya miguu kwenda kwenye mto ulio kusini. Kati ya habari ile njema na habari hii mbaya haukupita hata mwaka mmoja.

Tena karatasi ile ina kosa. Inasema kuwa walikaa katika kisiwa cha Beechey wakati wa baridi ya 1846 na 1847. Lakini maneno ya pambizoni yasema kuwa tangu Septemba 1846 walikuwa wamekwama King William, mbali na Beechey. Mtu hawezi kuwa mahali pawili. Ukweli ni kwamba walikaa Beechey baridi ya 1845 na 1846, na makaburi ya wenzao watatu yapo huko. Basi usidhani kuwa neno likishaandikwa limekuwa kweli. Msomaji ana ruhusa ya kumkagua mwandishi, hata akiwa ofisa mwenye vifungo vya dhahabu.

Na asiyeandika, je? Wenyeji wa nchi ile ni Wainuiti. Waliwaona wageni wale wakivuta mashua juu ya barafu kwa kamba, wamekonda, wakianguka njiani. Mwaka 1854 daktari mmoja, John Rae, alisikia habari hizo kutoka kwa Wainuiti. Walimwambia kuwa wazungu wale walikufa kwa njaa, na kwamba mwishoni wengine walikula nyama ya wenzao waliokufa. Rae akapeleka habari London. Watu wakaghadhibika! Mwandishi mashuhuri Charles Dickens aliandika kwamba maneno ya wenyeji hayafai kuaminiwa, kwa kuwa mabaharia wa Kiingereza hawawezi kutenda jambo kama hilo.

Miaka mingi baadaye wataalamu walichunguza mifupa iliyookotwa kisiwani, wakaona alama za visu. Mwaka 2024 ilitangazwa kuwa taya moja lenye alama hizo ni la Fitzjames mwenyewe. Wainuiti pia walikuwa wakisimuliana, mzee kwa mjukuu, kwamba merikebu moja ilizama upande wa kusini. Erebus ilipatikana upande huo mwaka 2014. Terror ilipatikana mwaka 2016, baada ya Mwinuiti mmoja, Sammy Kogvik, kuwaambia watafutaji kwamba aliwahi kuona mlingoti umechomoza katika barafu ya ghuba fulani. Miaka 160 ilipita kabla ya maneno ya wazee wale kupewa haki yake.

Katika jambo hili mchezo umefanya vema. Wainuiti waliomo husema lugha yao wenyewe, na nahodha Crozier hujifunza kuwasikiliza. Mwishoni yeye huishi pamoja nao. Sehemu hiyo ya mwisho imetungwa, kwa maana hakuna ushahidi wa namna Crozier alivyokufa.

Na yule mnyama? Wenye mchezo humwita Tuunbaq. Amebuniwa. Dubu weupe wapo, nao ni wakali, lakini hakuna karatasi wala masimulizi ya kiumbe aliyemaliza mabaharia wale. Nadhani waliweka mnyama kwa sababu njaa na baridi havina uso, na mtazamaji hutaka kuona uso. Chakula cha makopo nacho hulaumiwa sana katika mchezo. Ni kweli kwamba maiti za Beechey zilipochunguzwa miaka ya 1980 zilikutwa na risasi nyingi, yaani ile madini, si ya bunduki. Lakini wataalamu wa baadaye wanashuku kwamba hiyo ndiyo iliyowaua.

Jambo moja halinipendezi. Mtu mbaya kupita wote katika mchezo huitwa Cornelius Hickey. Baharia wa jina hilo alikuwamo safarini kweli, naye hana ushahidi wowote wa ubaya juu yake. Watengenezaji walijitetea kwa ujanja: wakasema mbaya wao ni mwizi aliyeiba jina hilo. Hata hivyo mtazamaji hushika jina, husahau maelezo.

Kwa juma lijalo, piga mstari katikati ya ukurasa wa daftari lako. Kushoto andika mambo matatu ya mchezo huu yaliyotokea kweli, kulia matatu yaliyotungwa, na kila moja uliandikie umejuaje. Kisha muulize mzee mmoja wa kwenu habari ya jambo aliloliona kwa macho, uliandike kama alivyolisema, na umsomee alisikie.