Mjane Hana Ufagio: Serikali Ilimjua Askari, Imjue na Familia Yake

(Haya ni maneno niliyozungumza kwenye kongamano la vijana wa jimbo letu Jumamosi iliyopita. Wengi mliomba niyaweke hapa. Nimeyaacha kama nilivyoyasema, nimepunguza tu pale nilipokuwa nikirudia.)

Mama zetu mliokaa kule nyuma, leo tumewaomba mje. Leo sitaongea muda mrefu kuhusu uchaguzi. Nataka tuongee kuhusu askari akishakufa, nyumba yake inabaki na nani.

Nianze na kisa cha Mwanza. Mnajua Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa hapa kwetu, na babu zetu walibebeshwa bunduki na Mjerumani. Vita vilipoisha mwaka 1918, mkuu wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa hana hela ya kuwalipa. Akawapa vikaratasi vya ahadi. Wakakaa na vikaratasi hivyo miaka 46. Mwaka 1964 ndipo Bunge la Ujerumani Magharibi likakubali wale waliobaki hai walipwe. Mtu wa benki akaja Mwanza na fedha. Inasimuliwa kwamba walifika wazee wapatao 350, lakini wenye vikaratasi walikuwa wachache sana. Vingine vimeliwa na mchwa, vingine vimeungua, vingine vimepotea. Wengine walikuja na vipande vya sare zilizochakaa.

Yule bwana wa benki akapata wazo. Akamwita mzee mmoja mmoja, akamkabidhi ufagio, akamwamrisha kwa Kijerumani: bega silaha, shusha silaha. Wazee wale wakafanya gwaride kwa ufagio. Inasemwa hakuna hata mmoja aliyekosea.

Mnacheka. Hata mimi nilicheka niliposoma mara ya kwanza. Halafu nikajiuliza: na wale waliokuwa wamekwishakufa? Wake zao je? Mjane hajawahi kufundishwa gwaride. Yeye alilima, alilea, alisubiri. Ukimpa ufagio atafagia, basi. Hana kitu cha kuonyesha mwilini kwamba na yeye alibeba vita ile.

Makamanda, hilo ndilo langu leo. Mpaka kesho tunawaendesha wajane wa askari kama yule mtu wa benki. Tunawaambia: thibitisha. Wakati aliye na uthibitisho wote ni serikali yenyewe.

Hebu fikirini. Askari anapoandikishwa, serikali inachukua kila kitu. Jina, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, alama za vidole, picha, jina la ndugu wa karibu. Anapewa namba. Kikosi kinajua yuko wapi leo na atakuwa wapi kesho. Akistaafu, jina lake liko kwenye orodha, kwa sababu pensheni ya mwanajeshi hulipwa na Hazina. Mwezi kwa mwezi serikali inamjua. Siku akifa tu, ghafla hakuna anayemjua. Familia inaanza upya kana kwamba huyo mtu hakuwahi kuishi.

Mtaani kwetu kuna mama mmoja, jina lake nitalihifadhi. Mumewe alikuwa askari, alistaafu, akafariki kwa maradhi. Mama alipoanza kufuatilia mafao akaambiwa majina hayafanani. Kwenye cheti cha ndoa mume ana majina mawili, jeshini alikuwa na matatu. Akaenda kuapa kiapo. Akarudi, akaambiwa mtoto wa pili hana cheti cha kuzaliwa. Akakihangaikia, akakipata. Akarudi, akaambiwa barua ya msimamizi wa mirathi iliyo kwenye jalada si yake, ni ya shemeji yake. Kumbe ukoo ulikaa kikao wakati yeye yuko ndani amevaa kaniki, akapitishwa mdogo wa marehemu. Nauli ya kwenda ofisi moja na kurudi ameikopa kwenye kikoba. Amekuja kulipwa kiasi, lakini mtoto wa kwanza alikuwa ameshaacha shule. Hapo ndipo panaponiuma. Hela ilikuwepo, mtoto alikuwepo, kilichokosekana ni karatasi.

Na hakuna muujiza hapo, ndivyo utaratibu ulivyo. Unahitaji cheti cha kifo kutoka RITA. Unahitaji muhtasari wa kikao cha ukoo. Unahitaji barua ya mtendaji. Unakwenda mahakamani, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, unajaza Fomu Namba 1, tangazo linabandikwa, watu wanapewa nafasi ya kupinga, ndipo unapewa Fomu Namba 4 ya usimamizi. Baada ya hapo ndiyo unaanza kuzunguka na jalada la mafao. Kila hatua peke yake ina maana. Tatizo ni kwamba zote zimewekwa kichwani kwa mtu mmoja, tena katika miezi ambayo hajamaliza kulia.

Hapo kwenye kikao cha ukoo tusipite haraka. Mpaka leo tunayo amri ya serikali ya mwaka 1963 kuhusu sheria za kimila, kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba. Amri hiyo inamnyima mjane fungu kwenye urithi wa mumewe kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Wajane wawili wa Shinyanga walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakubali kwamba huo ni ubaguzi, lakini ikasita kuifuta. Wakaenda mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imevunja mkataba iliousaini yenyewe. Sasa niambieni: mjane anakwenda kwenye kikao cha ukoo na nguvu gani, kama maandishi ya serikali yenyewe yanamwambia hana fungu?

Kuna watu watasema, "Nyie wapinzani mmeanza kuligusa jeshi." Nataka tujibu hili kwa utulivu. Hatuligusi jeshi. Sisi ndio watoto wa hao askari. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunaona mashada ya maua, ngao na mkuki vinawekwa. Ni heshima nzuri, na tunaiunga mkono. Ukienda Kaboya, kule Muleba, utakuta makaburi ya vijana waliokufa Vita vya Kagera. Mwaka 1978 Mwalimu aliposema sababu tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, vijana wale hawakuuliza fomu. Mwezi Aprili 1979 wenzao wakaingia Kampala. Na hili si la wazee peke yao. Tarehe 7 Desemba 2017, askari wetu 14 waliuawa kule Kivu Kaskazini, Kongo, wakiwa walinda amani. Wengi wao rika letu hili hili. Nchi nzima ililia. Lakini machozi ya nchi hukauka wiki mbili. Ada ya shule inakuja kila muhula.

Tena kuna jambo lingine ambalo wengi hatulifikirii. Katiba yetu, Ibara ya 147, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa. Haki yake ni kupiga kura tu. Ni sahihi, jeshi lisiwe la chama. Lakini maana yake ni nini? Maana yake askari hawezi kuja hapa kusimama na kusema, "Mimi nikifa, mke wangu atateseka." Hana mkutano wa hadhara. Kwa hiyo lazima asemewe na raia. Na raia wenyewe ni sisi.

Mtaniuliza, hivi kuna nchi iliyoweza? Kamilifu hakuna. Lakini tuangalie Marekani kwa dakika mbili, si kwa sababu ya utajiri wao, ila kwa kanuni zao.

Kule mwaka 2020 alifariki mama mmoja mzee, Irene Triplett. Alikuwa analipwa dola 73 na senti 13 kwa mwezi kwa sababu baba yake alipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoisha mwaka 1865. Hesabuni wenyewe. Miaka 155 baada ya vita, jalada lilikuwa bado wazi, kwa sababu sheria ilisema mtoto mwenye ulemavu asiachwe.

Leo mjane wa askari aliyekufa kwa ajili ya utumishi hupata kule zaidi ya dola 1,600 kwa mwezi. Najua, sisi hatuna hizo. Hatuombi dola zao. Tunaomba kanuni zao mbili ambazo gharama yake kubwa ni nia tu. Ya kwanza: tangu mwaka 2000 sheria yao inaibana serikali imsaidie anayedai kutafuta ushahidi. Kumbukumbu za jeshi anazitafuta mwenye kabati, si mjane. Ya pili: ushahidi ukilingana pande mbili, shaka inamfaidia anayedai.

Na msidhani walipewa bure. Kwa miaka mingi wajane wao walikuwa wakipata fao moja, serikali inakata la pili kiasi kile kile. Wenyewe waliita kodi ya wajane. Chama chao cha wajane, kilichoanza mwaka 1945, kiligonga milango ya wabunge kizazi baada ya kizazi. Sheria ya kuondoa makato ilipita Desemba 2019, na makato yakaisha kabisa mwaka 2023. Walioshinda vita hiyo ni akina mama waliojua kuhesabu na waliokataa kuchoka.

Sasa sisi tunataka nini? Nayasema manne, myaandike.

Moja, askari akifa, awe kazini au mstaafu, jalada lifunguliwe na serikali yenyewe. Afisa ateuliwe, namba yake ya simu apewe mjane siku ya mazishi pamoja na ile bendera.

Mbili, familia ipewe posho ya kila mwezi ya kujikimu wakati mirathi inaendelea, ikatwe baadaye kwenye mafao. Mtoto hawezi kusubiri tangazo la mahakama ndipo ale.

Tatu, kanuni zote za mafao ya familia za wanajeshi ziandikwe kwa Kiswahili na zibandikwe ofisi za kata. Tangu mwaka 2021 sheria yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Basi mjane asomewe haki yake kwa lugha yake.

Nne, Waziri apeleke bungeni kila mwaka idadi ya majalada ya mirathi yaliyokwama na muda yaliokaa. Hakuna siri ya jeshi hapo. Hatuulizi silaha ngapi. Tunauliza wajane wangapi. Na ile amri ya 1963 ifutwe.

Hayo ni ya serikali. Lakini makamanda, tusikae kusubiri tushike dola ndipo tusaidie watu. Kuanzia Jumatatu, kila tawi litafute nyumba za wajane na yatima wa askari kwenye mtaa wake. Msiende na kadi za chama. Nendeni na kalamu. Angalieni majina: ya kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto yanafanana? Kama hayafanani, yarekebishwe sasa, mzee akiwa hai. Mwambieni mzee aandike wosia; RITA wanapokea na kuhifadhi wosia. Kwenye kikao cha ukoo, mjane awepo na jina lake liandikwe kwenye muhtasari. Na waambieni ukweli huu: msimamizi wa mirathi si mrithi. Kwenye Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne apeleke orodha ya mali kwa Fomu Namba 5, kisha hesabu za mgawo kwa Fomu Namba 6. Shemeji akikaa kimya na hela, mjane ana haki ya kurudi mahakamani. Wale waliokaa na mume miaka miwili na zaidi bila cheti, wakajulikana kama mke na mume, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inatoa dhana ya ndoa. Waende kwa wasaidizi wa kisheria, wapo kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, hawatozi. Vishoka wanaosubiri nje ya ofisi wakitaka asilimia kumi, muwafukuze.

Namalizia. Wazee wa Mwanza walisubiri miaka 46, wakashika ufagio, wakalipwa. Tulikuwa na haki ya kumcheka Mjerumani kwa sababu hatukuwa serikali yake. Hii serikali ya sasa ni yetu, hata kama hatukuichagua. Ikimwambia mama wa mtaani kwetu athibitishe kwamba mumewe alikuwa askari, inasema kwa niaba yangu na yako. Mimi nakataa isiseme hivyo kwa jina langu.

Mama zetu kule nyuma, sasa nanyamaza, kipaza sauti ni chenu.