Bamvua, Maji Mafu na Bei ya Pweza

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa jumuiya)



Nimeombwa niseme machache kama mhasibu. Nitaanza na hesabu ambayo chuoni hawakunifundisha.

Wazee wetu waliweka vitabu viwili. Kitabu cha bahari kilifuata mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji yanatoka mbali mpaka mwamba unabaki wazi. Katikati yake ni maji mafu. Kitabu cha shamba kilifuata jua, kikianzia Siku ya Mwaka. Siku kumi ni mwongo. Miongo 36 na siku 5 za mwisho, jumla siku 365. Mkulima wa maweni, anayefukia mbegu kwenye vishimo vya udongo baina ya mawe, hawezi kupanda kwa mwezi, kwa sababu mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11. Akiufuata, baada ya miaka michache atapanda mtama kiangazi. Kwa hiyo Mwaka Kogwa si ngoma ya kupigiwa picha na watalii tu, kama vijana wetu wa mjini wanavyodhani.

Shamba leo naliacha hapo. Fedha zetu zinavuja kwenye kitabu cha bahari.

Bamvua likifika, mama zetu wote wanakwenda pwani kuchokoa pweza siku zile zile, saa zile zile, na wanarudi pamoja. Mchuuzi yuko ufukweni na mzani wake. Pweza kwa jua letu hangoji, basi bei anasema mchuuzi. Wiki inayofuata maji ni mafu, hoteli zinatafuta pweza, bei imepanda, na mwenye pweza ni yule yule mchuuzi, kwa kuwa ana friza. Simlaumu, katia mtaji wake.

Tuseme, kwa mfano tu, kilo ni shilingi 6,000 wakati wa bamvua na 9,000 wakati wa maji mafu. Mama mwenye kilo 5 ameacha 15,000 ufukweni. Bamvua ni mbili kwa mwezi, kwa hiyo 30,000. Zidisha kwa kina mama unaowajua mtaani kwenu, kisha toa gharama ya umeme. Kinachobaki bado ni ada na madaftari ya watoto.

Wapo waliopendekeza mchango wa mwaka huu uende kwenye ukumbi. Ukumbi ni jambo zuri, lakini hauingizi kitu mpaka mtu aoe. Kamati imependekeza friza mbili, mzani wa kikundi, mita ya umeme na fedha za umeme za mwaka wa kwanza. Hilo la mwisho msilipunguze, tafadhali. Friza isiyo na umeme ni kabati.

Kuna jambo moja linanitia wasiwasi. Mtu akipata pa kuhifadhi, huenda akatamani kuchokoa hata wadogo. Pweza anaishi mwaka mmoja na kidogo, lakini hukua haraka mno. Wenzetu wa Kisiwa Panza, Pemba, walifunga sehemu ya mwamba wao kwa muda ili wakue. Sisi tunaweza, wazee na kamati ya wavuvi wakikubaliana. Lakini siku ya kufungua mwamba pweza watakuwa wengi kwa mkupuo mmoja, na bila friza siku hiyo itakuwa sikukuu ya mchuuzi. Kwa hiyo friza zitangulie, kisha tukae na wazee kuhusu mwamba.

Daftari la friza litashikwa na kina mama wenyewe. Mimi nitalikagua kila miezi mitatu bila malipo. Mhazini amekaa karibu na mlango. Anayetoa taslimu adai risiti, na anayeahidi aandike tarehe.