Fedha za Mradi Ziko Wapi? Maswali ya Mwananchi na Mahali pa Kuyapeleka

Maandishi ya mazungumzo kwa mabaraza ya wananchi, Turkana ya Kati na Turkana Magharibi



Swali moja hurudi karibu katika kila baraza, iwe ni Lodwar mjini, Kanamkemer, Kalobeyei au Kakuma. Wananchi huuliza: mradi ulisomwa kwenye bajeti, mbona kazi imesimama?

Anayeuliza hivyo ana haki ya kujibiwa. Zahanati iliyoachwa bila paa ina maana kwamba mama mjamzito atapanda bodaboda usiku kwenda kituo cha mbali. Kisima kilichochimbwa bila kuwekwa pampu kinawarudisha wasichana kwenye mashimo ya mchangani katika laga. Darasa la chekechea lisilokamilika linamwacha mtoto akisomea chini ya mti, na msimu wa vumbi haumngojei mkandarasi.

Kuuliza ni wajibu wa mwananchi. Lakini swali likipelekwa kwa mtu asiyehusika, au likiulizwa mwezi ambao bajeti imeshafungwa, hurudi bila jibu. Ndiyo maana inafaa kujua fedha hupita wapi, hukwama wapi, na nani anapaswa kueleza.

Kwanza: mradi ni wa nani?

Wazee wanakumbuka siku za Baraza la Kaunti ya Turkana na la Manispaa ya Lodwar. Mwananchi akiwa na shida ya soko au choo cha umma, alimtafuta diwani. Mabaraza hayo yalifikia mwisho baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, serikali za kaunti zilipoanza. Wengi bado huuliza kana kwamba mlango ni ule ule mmoja. Siku hizi milango ni kadhaa.

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limegawa kazi. Kaunti inashughulikia zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji, masoko, vichinjio, barabara za kaunti, maji, huduma za mifugo, viwanja vya michezo na kumbi za burudani na utamaduni. Shule za msingi na sekondari ni za Serikali ya Kitaifa, na mara nyingi madarasa yake hujengwa kwa fedha za NG-CDF, zinazosimamiwa katika eneo bunge. Kwa hiyo anayemuuliza mwakilishi wadi kuhusu darasa la sekondari huenda amebisha mlango wa jirani.

Kakuma ina jambo jingine la ziada. Tangu kambi ya wakimbizi ifunguliwe mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yalipoanzishwa baadaye, majengo mengi yamejengwa na mashirika ya kimataifa na wahisani. Mengine yametokana na miradi ya Benki ya Dunia, kama vile KDRDIP, uliolenga jamii zinazowapokea wakimbizi katika kaunti za Turkana, Garissa na Wajir. Fedha hizo zina njia yake, mikataba yake na ratiba yake. Jengo la shirika likichelewa, afisa wa wadi anaweza kueleza ni la nani, lakini hundi yake haitoki Lodwar.

Basi swali la kwanza ni hili: mradi huu ni wa kaunti, wa Serikali ya Kitaifa, wa manispaa au wa shirika? Kibao cha mradi kikiwepo, jibu huwa limeandikwa hapo. Kisipokuwepo, hilo lenyewe ni swali la kumpelekea msimamizi wa wadi.

Pili: safari ya fedha

Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30 ya mwaka unaofuata. Kabla shilingi haijafika Turkana, Bunge la Kitaifa na Seneti hupitisha sheria mbili: moja ya kugawanya mapato kati ya Serikali ya Kitaifa na kaunti zote, nyingine ya kuonyesha kila kaunti itapata ngapi. Ruzuku na misaada ya wahisani inayopitia kaunti huhitaji sheria ya tatu, ya mgao wa ziada. Hii ya tatu ikichelewa, miradi ya wahisani husimama hata kama mgao wa kawaida umefika.

Baada ya hapo Hazina ya Kitaifa hutuma fedha kwa awamu. Kifungu cha 219 cha Katiba kinasema sehemu ya kaunti ipelekwe bila kuchelewa kusiko na sababu na bila kukatwa. Fedha huingia katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, na hakuna anayeweza kuzitoa humo mpaka Mdhibiti wa Bajeti aidhinishe. Ndipo idara inapolipa mkandarasi, baada ya mhandisi kuthibitisha kazi iliyofanyika.

Hatua ni nyingi, na kila moja imewekwa kuzuia wizi. Lakini kila moja pia ni mahali ambapo fedha zinaweza kukaa.

Tatu: zinakwama wapi?

Mahali pa kwanza ni Nairobi. Mwaka 2019 Bunge la Kitaifa na Seneti walivutana kwa miezi kuhusu mgao wa kaunti. Mwaka 2020 Seneti yenyewe iligawanyika juu ya kanuni ya kugawa fedha, na maseneta wakakubaliana Septemba tu, mwaka mpya wa fedha ukiwa umeshaanza. Mwaka 2024, baada ya Mswada wa Fedha kuangushwa mwezi Juni kufuatia maandamano ya vijana, mgao wa kaunti zote uliokuwa zaidi ya shilingi bilioni 400 ulipunguzwa hadi takriban bilioni 387, na mvutano juu ya kiasi hicho ukaendelea karibu hadi mwisho wa mwaka. Bajeti za kaunti zilizopangwa kwa kiasi cha kwanza zililazimika kuangaliwa upya.

Turkana huumizwa zaidi na ucheleweshaji wa namna hii. Ni miongoni mwa kaunti zinazopata mgao mkubwa kuliko nyingine, na mapato inayokusanya yenyewe, kupitia ada za soko, leseni na mifugo, ni madogo ukilinganisha na mahitaji ya watu 926,976 waliohesabiwa katika sensa ya 2019. Mgao usipofika, hakuna mfuko mwingine mkubwa wa kukopa kutoka. Kwa kawaida mishahara na dawa hutangulia, na majengo hungoja.

Mahali pa pili ni ndani ya kaunti yenyewe, na hapa hakuna haja ya kuficha. Zabuni inaweza kutangazwa mwaka wa fedha ukiwa umefika nusu. Mshindani aliyeshindwa anaweza kupeleka rufaa, na kazi ikasimamishwa. Makadirio yanaweza kuwa chini ya gharama halisi ya kusafirisha saruji na mabati. Madeni ya miaka iliyopita yanaweza kumeza fedha za mwaka huu. Sababu hizi haziwezi kubandikwa kwa Nairobi, na mwananchi ana haki ya kuambiwa ni ipi hasa iliyokwamisha mradi wake.

Mahali pa tatu ni kwa mkandarasi. Wako waliolipwa sehemu wakaondoka, na wako waliomaliza wakakaa bila kulipwa. Kwa macho, majengo yote mawili yanafanana. Ni cheti cha mhandisi na rekodi ya malipo tu vinavyoweza kutenganisha hayo mawili.

Mahali pa nne husahaulika: jengo limekamilika, rangi imepakwa, lakini mlango una kufuli. Zahanati huhitaji muuguzi, dawa, maji na mlinzi, na hizo si fedha za ujenzi. Ni fedha za matumizi ya kila siku, katika ukurasa mwingine wa bajeti. Wananchi wakiomba jengo bila kuomba muuguzi, wanaweza kupata jengo pekee.

Tarehe ambayo kila kijiji kinafaa kuikumbuka

Juni 30 ina uzito kuliko sherehe yoyote ya kuweka jiwe la msingi. Siku hiyo idhini ya kutumia fedha za mwaka huisha. Mradi ambao haujalipwa haubebwi wenyewe kuingia mwaka mpya. Lazima uandikwe tena katika bajeti inayofuata, au katika bajeti ya ziada. Ukisahaulika, unabaki kuta. Hapo ndipo miradi mingi hufia, kimya kimya, bila mtu yeyote kutangaza kwamba imefutwa.

Kwa hiyo kalenda ni silaha ya mwananchi. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Mwelekeo wa matumizi hupelekwa kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti hupelekwa kufikia Aprili 30. Mwenye mradi uliokwama aulize Septemba kama umo kwenye mpango, aulize Februari kama idara yake imetengewa fedha, na Mei ahudhurie vikao vya maoni ya umma akiwa na jina kamili la mradi. Anayengoja mpaka Julai huwa amechelewa mwaka mzima.

Namna ya kuuliza

Mlango wa karibu ni msimamizi wa wadi, kisha msimamizi wa kaunti ndogo na idara inayohusika. Kwa wakazi wa Lodwar, na sasa Kakuma baada ya kupewa hadhi ya manispaa mwaka 2025, kuna pia bodi ya manispaa, na sheria ya miji inawapa wakazi nafasi ya vikao vya kuhoji na kupendekeza. Mwakilishi wadi hana fedha za mradi mkononi. Kazi yake ni kupitisha bajeti na kuisimamia serikali. Anaweza kuuliza bungeni kile ambacho afisa amekataa kusema.

Jibu lisipopatikana kwa mdomo, liombwe kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika anapaswa kusaidiwa na afisa kuandika ombi lake. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikikaa kimya, malalamishi huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kijiji kizima pia kinaweza kupeleka ombi kwa bunge la kaunti chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012.

Ombi liwe fupi na liulize mambo yanayoweza kuthibitishwa:

Mradi uliandikwa katika bajeti ya mwaka gani, kwa jina gani na kwa kiasi gani?

Mkandarasi ni nani, na mkataba unaisha lini?

Amelipwa kiasi gani, na kwa kazi ipi iliyothibitishwa?

Kilichobaki kimeandikwa tena katika bajeti ya mwaka huu?

Nani atafanya kazi humo jengo likikamilika?

Majibu yakilinganishwa na ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, ambazo hutolewa kila robo ya mwaka, na za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, yataonyesha kama maelezo yanashikana. Ripoti hizo ni za umma. Kijana mmoja mwenye simu anaweza kuzisomea baraza zima, kwa Kiturkana ikibidi.

Afisa akisema fedha hazijafika, aseme ni awamu ya mwezi gani. Akisema mkandarasi amechelewa, aonyeshe barua aliyoandikiwa. Akisema mradi utaendelea, ataje ukurasa wa bajeti. Majibu yote yaandikwe na katibu wa kikao pamoja na tarehe, yahifadhiwe na wazee wa kijiji, na yasomwe tena baraza linalofuata kabla ya ajenda nyingine yoyote kufunguliwa.