Panya wa Magamba



 

Nawashukuru kwa heshima mliyonipa ya kuwa mgeni rasmi hapa Lushoto, katika Siku ya Mazingira Duniani. Nimeombwa niseme juu ya msitu wetu wa Magamba, nami nitauzungumzia kupitia mkazi wake mdogo ambaye hatujawahi kumpa kiti katika hafla zetu: panya.

Najua neno hilo lina uchungu wilayani kwetu. Kuanzia mwaka 1980 tauni ililipuka hapa, ikarudi msimu baada ya msimu kwa zaidi ya miaka ishirini, na wamo kati yetu waliozika ndugu. Kwa hiyo simwombi mtu amkaribishe panya nyumbani. Mahindi yasihifadhiwe panapolaliwa, na mtoto akiokota panya aliyekufa aonywe siku hiyo hiyo.

Ila panya si mmoja. Mwaka 2007 watafiti wa Ubelgiji na wenzao, akiwemo Mtanzania Loth Mulungu, walitangaza aina tano mpya za panya wa milimani. Mmoja alielezwa kutoka hapa Magamba, akaitwa Lophuromys kilonzoi, kwa heshima ya Profesa Kilonzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mwanasayansi aliyeifuatilia tauni katika vijiji vyetu. Wenzake watatu wa Morogoro nao walipata wajina: Machang'u katika Mlima Rungwe, Makundi katika Mlima Hanang, na Sabuni katika milima ya Mbizi kule Ufipa.

Tazameni ramani hiyo: mlima huu na panya wake, mlima ule na panya wake. Kwa nini? Mkishuka kwa gari kupitia Soni hadi Mombo, sweta zinavuliwa njiani. Kwa panya aliyezoea ubaridi na unyevunyevu, joto la tambarare ni kama bahari kwa asiyejua kuogelea. Havuki. Amebaki juu kwa vizazi visivyohesabika, mbali na jamaa zake, mpaka akawa aina ya peke yake. Milima yetu ni visiwa, maji yake ni joto.

Panya wa jamii hii manyoya yake ni magumu kama brashi, mkia mfupi, miguu mifupi. Makao yake ni majani yaliyooza na vichaka vyenye umande. Wakati panya wengi hutafuta nafaka, yeye hupenda siafu, wadudu wengine na minyoo. Ngozi yake huchanika upesi na mkia hukatika, naye huponyoka akimwachia adui kipande. Huzaa watoto wachache, mara nyingi wawili. Kiumbe wa namna hiyo akipoteza makao hawezi kujaza pengo upesi, wala hana mlima wa jirani wa kukimbilia.

Ndugu zangu, hapo ndipo kazi yetu ilipo. Tunapofyeka vichaka vya kando ya kijito ili tuongeze matuta mawili ya kabichi, tunamvunjia nyumba. Tunapochoma majani makavu ndani ya msitu, tunachoma chakula chake. Na majani hayo hayo ndiyo yanayoshika mvua isiporomoshe udongo, ikazama taratibu na kutokea kwenye chemchemi tunakochota. Panapomfaa yeye, maji yetu hayakauki.

Nina maombi matatu. Wakulima, acheni ukanda wa uoto wa asili kando ya kila kijito. Wahifadhi, pale msitu ulipokatwa turudishe mkulo na miti mingine ya kwetu kabla ya mkaratusi. Walimu, wafundisheni watoto kumtofautisha panya wa ghalani na panya wa msituni, maana yule ambaye panya huyu alipewa jina lake alitumia elimu kuwalinda watu wa Lushoto, na elimu hiyo hiyo inatosha kuulinda msitu wao.

Baada ya kusema hayo, natamka kwamba zoezi la kupanda miti limezinduliwa rasmi. Twendeni tukashike majembe.